Neno 'him' lilipokuwa kitondo

Shuleni tulifundishwa njia ya mkato ya kutambua shamirisho katika sentensi ya Kiingereza. Uliza "nini?" baada ya kitenzi, utapata kipozi, uliza "nani?", utapata kitondo. Basi tulipopewa "I helped him", tukaandika darasa zima kwamba "him" ni kitondo. Tukakosolewa sote kwa kalamu nyekundu. Sababu hatukuelezwa, na nani angethubutu kuuliza siku hizo?

Chuoni, nikisoma Kiingereza cha kale, ndipo nilipogundua kwamba jibu letu lilikuwa limechelewa tu kwa miaka elfu moja hivi. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka wa 1066, lugha hiyo ilibainisha shamirisho kwa viambishi tamati. Mfalme aliyeonwa alikuwa "cyning". Aliyepewa kitu alikuwa "cyninge". Viwakilishi navyo vilitengana: "hine" kwa kipozi, "him" kwa kitondo. Na kumbe "helpan", yaani kusaidia, kwa kawaida kilichukua kitondo!

Wengi huwatupia Wanormani lawama kwa yaliyofuata, lakini viambishi vilikuwa vimeanza kufifia katika matamshi hata kabla hawajafika. Kadiri karne zilivyopita, "hine" likatoweka katika Kiingereza sanifu, na "him" likarithi kazi zote mbili. Kitondo kikabakia na vitambulisho viwili: kukaa mbele ya kipozi, kama katika "I gave him a book", au kutanguliwa na kihusishi, "I gave a book to him".

Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa. Vitenzi vya ukoo wa lugha za Kijerumani, mathalani "give" na "tell", hukubali miundo yote miwili. Vingi vyenye asili ya Kilatini, kama vile "explain" na "donate", hung'ang'ania "to". Sisi tumezoea "nieleze jambo hili", kitondo kimejibana ndani ya kitenzi, kisha tunasema "explain me" na kuchekwa.

Kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi waache kuuliza "nani?" na badala yake wajaribu kuhamisha. Nomino ikikubali kwenda nyuma ya kipozi ikiandamana na "to" au "for", hicho ni kitondo. Katika "I helped him", "him" halina pa kuhamia. Kalamu nyekundu ilikuwa sahihi. Maelezo ndiyo tuliyonyimwa.