Amonia katika tangi la karantini: jinsi ya kuwalinda samaki wanapotibiwa kwa mrututu

Umenunua vifaranga wa sato au kambale na, kama unavyoshauriwa na wataalamu, hukuwamwaga moja kwa moja bwawani. Umewaweka kwanza katika tangi la pembeni uwaangalie kwa wiki mbili au tatu. Siku ya tatu unaona wanajikuna kwenye kuta za tangi na miili yao ina madoa meupe kama chembe za chumvi. Hivyo ni vimelea vya ngozi na matamvua, na dawa moja ya zamani ya kuviua ni mrututu, ambao una madini ya shaba ndani yake.

Wafugaji wengi huweka dawa, na siku chache baadaye samaki wanaanza kufa. Lawama huenda kwa mrututu, au kwa aliyeuza vifaranga. Mara nyingi muuaji ni amonia.

Amonia inatoka wapi?

Samaki akila chakula chenye protini, mwili wake hutoa amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua. Mabaki ya chakula na kinyesi yakioza huongeza nyingine. Chukua tangi la lita 500 linalopewa gramu 20 za chakula chenye protini asilimia 40 kwa siku. Chakula hicho kinaweza kuongeza amonia karibu miligramu 1.5 kwa kila lita, kila siku.

Bwawani, mwani hula amonia hiyo, na bakteria huibadilisha kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Tangi jipya la karantini halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki kadhaa kujijenga. Mrututu nao huua mwani na unaweza kuwadhoofisha bakteria wachache waliopo. Kwa hiyo unapoanza tiba, chukulia kwamba hakuna kinachosafisha maji isipokuwa mkono wako.

Tatizo jingine ni muda. Mrututu hauviui vimelea vya madoa meupe vikiwa bado ndani ya ngozi ya samaki. Huua vile vilivyotoka na vinaogelea majini. Ndiyo maana tiba huendelea kwa siku nyingi, na siku zote hizo amonia inajilimbikiza.

Kipimo kimoja, hatari tofauti

Amonia majini ina sura mbili: moja ni sumu kali, nyingine si kali sana. Kinachoamua ipi imezidi ni pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, pamoja na joto. Katika maji ya nyuzi joto 28:

- pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote.
- pH ikiwa 8, ni karibu asilimia 6 hadi 7.
- pH ikiwa 9, ni karibu asilimia 40.

Vipimo vingi vya matone vinavyobadili rangi huonyesha amonia yote kwa pamoja. Kipimo kikisoma miligramu 1 kwa lita, samaki wako salama kwenye pH 7, lakini kwenye pH 9 wako taabani. Sumu hiyo huanza kudhuru matamvua inapozidi miligramu 0.05 kwa lita, na ikifika miligramu 2 huua.

Pima pH na amonia pamoja, alasiri, kwa sababu maji ya kijani hupandisha pH jua linapokuwa kali. Tangi jipya la saruji nalo hupandisha pH. Lijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kuweka samaki.

Usitie ndimu wala siki

Ukisikia kwamba pH ya juu ni hatari, unaweza kushawishika kuishusha kwa ndimu, siki au tindikali. Usifanye hivyo wakati mrututu umo majini. Asidi hupunguza alkali ya maji, na alkali ndiyo inayoizuia shaba isiwe sumu kwa samaki. Utakuwa umekimbia amonia na kuangukia kwenye shaba.

Kwa sababu hiyo hiyo, kiasi cha mrututu hukadiriwa kwa alkali ya maji. Kanuni inayotumika ni kugawa alkali (miligramu kwa lita) kwa 100. Jibu ni miligramu za mrututu kwa kila lita ya maji. Alkali ikiwa 100, ni miligramu 1 kwa lita. Alkali ikiwa chini ya 50, usitumie mrututu kabisa. Hata alkali ikiwa juu sana, usizidishe miligramu 2.5 kwa lita. Ikiwa huna kipimo cha alkali, peleka maji kwa afisa uvuvi au maabara kwanza. Usikisie.

Kubadilisha maji bila kupoteza dawa

Hii ndiyo njia ya uhakika ya kupunguza amonia. Shida ni kwamba ukitoa maji unatoa na dawa. Fanya hivi:

1. Yeyusha gramu 10 za mrututu katika maji safi, ujaze hadi lita 1, katika chombo cha plastiki, si cha chuma. Kila mililita sasa ina miligramu 10. Andika jina la dawa kwenye chombo na ukiweke mbali na watoto.
2. Kwa tangi la lita 500 lenye alkali 100, dozi ya kwanza ni mililita 50. Pima kwa bomba la sindano, changanya katika ndoo ya maji, kisha mwaga polepole tangi zima.
3. Amonia ikipanda, toa maji ya chini yenye uchafu, kwa mfano lita 150.
4. Andaa maji mapya lita 150 yenye joto linalokaribiana. Yatie dawa ya lita hizo 150 tu, yaani mililita 15, kisha yaingize taratibu.

Kosa kubwa ni kurudia dozi ya tangi zima kila unapobadilisha maji. Ukiweza kupata kipimo cha shaba, kitumie kabla ya kuongeza chochote.

Mambo mengine ya kuzingatia

Punguza chakula. Siku ya kuweka dawa usilishe kabisa, na siku zinazofuata lisha kidogo, kisha ondoa mabaki. Samaki mwenye afya ya wastani hafi kwa kukosa chakula siku moja.

Punguza msongamano, na pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana.

Usiweke mchanga, matumbawe, mawe ya chokaa wala mkaa ndani ya tangi. Hunyonya shaba na kuifanya dawa ipungue bila wewe kujua. Dawa za dukani za kuondoa amonia zisichanganywe na shaba bila ushauri, kwani baadhi huifanya kuwa sumu zaidi.

Dalili za hatari

Sato akipanda juu akitweta, akikusanyika maji yanapoingia au akikataa chakula, badilisha maji kwanza, halafu pima. Kambale ni tofauti: ana kawaida ya kupanda kuvuta hewa, hivyo usingoje dalili hiyo. Kwake tegemea kipimo.

Tiba ikiisha, badilisha maji kidogo kidogo mpaka dawa itoke. Maji yenye mrututu yasimwagwe mtoni, bwawani wala kwenye majaruba ya mpunga. Huua konokono, kamba na mwani. Yamwage kwenye ardhi tupu iliyo mbali na kisima. Kabla ya kuuza au kula samaki waliotibiwa, muulize afisa uvuvi au daktari wa mifugo.

Weka daftari kando ya tangi. Kila siku andika pH, amonia, maji uliyobadilisha na dawa uliyoongeza. Samaki wakianza kufa, daftari hilo ndilo litakalomwonyesha afisa kama tatizo ni ugonjwa, dawa au maji.