Glakoma ya Pembe Iliyoziba: Tiba ya Kwanza (Busia na Malaba)

Glakoma ya pembe iliyoziba, ambayo wenyeji wa Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, huichanganya na aina nyinginezo chini ya jina la presha ya macho, ni maradhi ambayo irisi husogea mbele ikaifunika pembe yanakopitia maji ya jicho kutoka, hata shinikizo likapanda na neva ya jicho ikadhurika. Uchunguzi wa Kongwa, Tanzania, uliotangazwa mwaka 2000, uliikuta kwa asilimia 0.59 ya watu wazima waliopimwa, ilhali ile ya pembe wazi ilifikia asilimia 3.1.

Dalili

Shambulio la ghafula aghalabu huja magharibi, mboni inapopanuka kwa uchache wa nuru. Dereva aliyekwama katika foleni ya malori ya Malaba huona pete za rangi zikizizunguka taa za lori lililo mbele yake, jicho likawa jekundu na gumu, kichwa kikamgonga, akatapika. Na kwa kuwa eneo hili la mpakani ni la malaria, si ajabu akanunua dawa ya malaria dukani na kuupoteza usiku mzima.

Uchaguzi wa tiba

La awali ni kushusha shinikizo kwa asetazolamaidi na matone ya timololi. Tabibu mwangalifu huuliza kwanza habari za selimundu, maradhi yaliyoenea magharibi ya Kenya, maana asetazolamaidi huweza kumdhuru aliye nayo, na habari za pumu kwa ajili ya timololi. Pilokapini hungojewa, kwani shinikizo likiwa juu mno misuli ya irisi hukosa damu na dawa haina la kufanya.

Jicho likitulia, hutobolewa irisi. Albrecht von Graefe wa Berlin alieleza upasuaji huo mwaka 1857, na leo leza hufanya kazi hiyo kwa dakika chache; jicho la pili nalo hutobolewa, hata kama haliumi. Ushindani umeletwa na jaribio la EAGLE, lililotangazwa mwaka 2016 kwa wagonjwa 419 wenye umri wa miaka 50 na zaidi wasio na mtoto wa jicho: walioondolewa lenzi walidhibitiwa vema zaidi na kuhitaji matone kwa uchache kuliko waliotobolewa kwa leza. Wagonjwa hao walikuwa Uingereza, Asia na Australia; Afrika haikuwamo. Hata hivyo, kwa msafiri ambaye kesho atakuwa Kampala na keshokutwa Kigali, tiba isiyomdai kurudi kila mara kufuata matone ina fadhila iliyo dhahiri, mradi apatikane mpasuaji hodari.

Mahali pa kutibiwa

Busia ina hospitali ya rufaa ya kaunti. Hospitali ya macho iko Sabatia, kaunti ya Vihiga. Wa Malaba huweza pia kuvuka mpaka kwenda Tororo, Uganda.