Kibarua, Posho na Kilemba: Historia Iliyomo Ndani ya Bei ya Fundi

Ugomvi wa mwenye nyumba na fundi ni wa kale kuliko bati na saruji. Hapa Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa, husikika zaidi miezi ya Septemba na Oktoba, watu wanapokimbizana na mvua kuezeka mapaa na kuziba nyufa. Nimeusikiliza miaka mingi kwa sikio la mwalimu wa Kiswahili, na limenikaa jambo moja ambalo nataka kulitetea hapa. Aghalabu wagomvi hawa hawatofautiani shilingi kwanza, hutofautiana neno. Kila mmoja analo kichwani neno lake la malipo, na kila neno limebeba historia ambayo msemaji wake haijui. Tukizijua historia hizo, huenda tukagombana kidogo zaidi kwa haki.

Tuanze na maneno yanayopima muda. Mshahara ni neno lililotoka katika Kiarabu, na ndani yake umo mwezi: asili yake ni malipo yanayohesabiwa kwa mwezi. Ndiyo maana hatusemi mshahara wa fundi aliyekuja kurekebisha mlango. Huyo hana mwezi kwetu. Tukimpima kwa muda, tunampima kwa siku, na hapo tunaingia katika neno kibarua.

Kibarua ni barua ndogo. Katika Unguja na miji ya pwani ya karne ya 19, aliyefanya kazi ya kutwa alipewa cheti, yaani kibarua, cha kuthibitisha kwamba siku yake imetimia. Kwa cheti hicho alilipwa. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao kwa wafanyabiashara, na ujira ule waligawana na bwana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini neno lilibaki. Kisha likafanya safari ya ajabu: kutoka karatasi likahamia kwa kazi, kutoka kwa kazi likahamia kwa mtu. Leo mtu mwenyewe ni kibarua. Lugha imemfunga binadamu katika cheti chake, nasi tunalitamka neno hilo kila asubuhi bila kusita.

Familia ya pili ni ya maneno yanayopima tumbo. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitembea kwa posho. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, au kitambaa na shanga za kubadilishia chakula njiani. Misafara hiyohiyo ililipa hongo kwa watawala waliopitiwa, na kupatana juu ya hongo kuliweza kuwasimamisha wasafiri kwa siku kadhaa. Tazameni maneno haya mawili yalivyofika kwetu. Hongo, iliyokuwa ada ya wazi ya njia, imekuwa rushwa ya gizani. Posho, iliyokuwa kibaba cha mpagazi, huko Uganda imekuwa ugali wenyewe, na hapa Tanzania imepanda ngazi hadi ikawa fedha ya kikao kwa wenye viti vya kuzunguka. Lakini kwa fundi haikubadilika sana. Fundi akifika nyumbani kwako saa mbili asubuhi, bado ataulizia hela ya kula.

Na hela hiyo nayo ina asili yake. Ni Heller ya Wajerumani, waliyoianzisha katika Afrika Mashariki yao mwaka 1904, heller 100 zikafanya rupia moja. Dola ya Kijerumani iliondoka. Sarafu yake ikabaki vinywani mwetu. Kwa hiyo mtu anaposema hela ya kula, anaunganisha sarafu ya mkoloni na kibaba cha mpagazi katika maneno matatu. Sijui kama yupo mshairi aliyewahi kutungia hilo, nami ningefurahi kulisoma.

Fedha hiyo haikuingia bara kwa hiari. Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898, ndiyo iliyowalazimu watu kuitafuta. Nasi wa Ufipa na bonde hili tulikuwa mbali na mashamba makubwa, na mbali na reli. Tulichokuwa nacho cha kuuza kwa urahisi kilikuwa nguvu. Vijana wakaondoka: wengine kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine kuvuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wengine kwenda mkonge wa Tanga. Huko mkongeni walikutana na neno kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku isiyokamilika haikuandikwa, na siku isiyoandikwa haikulipwa. Waliosajiliwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Kibarua, kipande, manamba: cheti, kadi, namba. Katika maneno haya yote matatu mtu amepotea, imebaki hesabu yake.

Wala watu hawakuyapokea kimya. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wa reli hadi bara. Lakini kwa mada yetu ya leo tukio lililo karibu zaidi ni la Desemba 1956, pale watumishi wa majumbani na mahotelini walipogoma Dar es Salaam. Wapishi, madobi na maboi, watu waliofanya kazi jikoni na uani ambako hapana msimamizi wala kengele, walisema kwa sauti moja kwamba kazi ya nyumbani nayo ina bei, na kwamba bei hiyo haiwezi kuwa hisani ya mwenye nyumba. Karne ya 21 sheria yetu imeliandika jambo hilo kwa tarakimu. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani wa kawaida kuwa shilingi 40,000 kwa mwezi kama analala kwa mwajiri, na shilingi 80,000 kama halali hapo. Tofauti ya tarakimu hizo ni nini, kama si kitanda na posho? Kibaba cha mpagazi kimeingia katika gazeti la serikali bila kutajwa jina.

Hata hivyo, Kiswahili kina familia ya tatu, nayo haipimi siku wala tumbo. Hupima heshima. Mwanafunzi wa ufundi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba. Mganga hafungui mkoba bila kifungua mkoba. Aliyetoka jasho hupewa kifuta jasho. Aliyeinama miaka mingi hupewa kiinua mgongo, na mimi ni mmoja wa waliokipokea. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalosema kiasi. Yanataja mwili wa mtu: kichwa kinachovikwa, uso unaofutwa, mgongo unaonyooshwa. Neno fundi lenyewe ni la ukoo huu, maana linakaa pamoja na funda, fundisha na mwanafunzi. Fundi ni mwenye elimu. Kumwita fundi kisha ukamlipa kama kibarua ni kumpa jina la familia moja na malipo ya familia nyingine.

Huku kwetu heshima hiyo ilikuwa na tanuri zake. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo zilizompita mtu kimo, kisha wakakisafisha katika tanuri ndogo, ndipo mhunzi akakifua. Jembe lililotoka hapo lilikuwa chombo cha kulimia, tena kipimo cha thamani, hata katika mahari. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya uyeyushaji huo, wakati majembe ya dukani yalikuwa yameshashinda. Magofu ya malungu yapo hadi leo juu ya uwanda. Kwa mhunzi yule bei ya kazi na matunda ya kazi vilikuwa kitu kimoja kinachoshikika mkononi. Sisi tumevitenganisha, na katika ufa uliobaki ndimo ugomvi unamoingia.

Nitoe mfano mmoja. Msimu uliopita wa kiangazi niliitwa kusuluhisha baina ya bibi mmoja wa jirani na kijana aliyemwezekea nyumba upya. Siku ya kwanza bibi alimuuliza, "Mjukuu wangu, utanitoza kiasi gani?" Kijana akajibu, "Bibi, usihofu, wewe ni bibi yetu, tutaelewana." Akafanya kazi siku nne, akatoa mabati ya zamani, akabadilisha mbao tatu za kenchi zilizoliwa na mchwa, akapigilia mabati mapya. Kila mchana bibi alimpikia ugali na samaki wa ziwani. Kazi ilipokwisha, kijana akataja shilingi 120,000. Bibi akatoa shilingi 60,000, akakaa kimya.

Nilipowasikiliza nikaona kwamba wote wawili wanasema kweli. Bibi alihesabu kutwa nne, kila kutwa 15,000. Alikuwa anamlipa kibarua. Juu yake akaongeza ugali na samaki, ambavyo kwake ni posho, yaani sehemu ya malipo. Na juu ya hayo alitegemea jina mjukuu, maana mjukuu hamtozi bibi yake kama mgeni. Kijana alihesabu paa zima. Kwake siku si hoja. Angemaliza kwa siku mbili angetaja bei ileile, kwa kuwa anauza ujuzi wa kujua mbao ipi imekufa na ipi ingali hai. Ugali aliupokea kama ukarimu, na ukarimu haukatwi katika malipo. Isitoshe, ndani ya ile 120,000 alikuwapo saidia fundi wake, ambaye bibi hakumhesabu kabisa kwa kuwa hakumwita yeye.

Tulifika shilingi 95,000. Bibi alilipa, kijana akapokea kwa mikono miwili, wakashukuriana. Lakini mvua zilipovujisha upande wa jiko, bibi alimwita fundi mwingine. Shilingi zilisuluhishwa, neno halikusuluhishwa.

Neno lenyewe ni lile "tutaelewana". Ni neno tamu, nami silichukii. Limejengwa juu ya elewa, na linaahidi kwamba kila mmoja atauona moyo wa mwenzake. Tatizo lake ni wakati: limewekwa katika kesho. Wazee walikuwa na neno jingine kwa shughuli hii, nalo ni kupatana. Mzizi wake ni pata. Watu wanaopatana, kila mmoja anapata kwa mwenzake, na mapatano hufanywa kabla ya nyundo kuinuliwa. Ajabu ya neno hili ni kwamba hilohilo hutumika kwa waliogombana na kurudiana. Lugha yetu imeona kwamba kukubaliana bei na kuishi kwa amani ni kitendo kimoja, ikakipa kitenzi kimoja. Atakayeruka mapatano ya kwanza atalazimika kuyatafuta ya pili, na hayo ya pili huwa na gharama kubwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kumtajia bei mzee au ndugu ni utovu wa adabu, na kwamba "tutaelewana" ni heshima. Naielewa hoja hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyomfunga mdomo kijana wetu. Alijua bei yake tangu alipopanda juu na kuziona zile mbao. Alichokosa ni namna ya kuitamka mbele ya mtu anayemwita bibi. Lakini historia niliyoieleza inatuonyesha heshima ikifanya kazi kwa njia nyingine. Kilemba, kifungua mkoba na arbuni vilikuwa vya heshima kamili, na vilijulikana mapema. Ahadi ni deni, na deni lisilo na kiasi humwonea mdai na mdaiwa pia. Watumishi wa 1956 hawakuwavunjia adabu waajiri wao kwa kutaka bei itajwe. Walikataa tu kuachiwa hisani mahali palipostahili haki.

Basi, fundi akija kwako, ulizeni mambo matatu kwa Kiswahili chetu cha siku zote. Je, hii ni kazi ya kutwa, au ni kazi ya mapatano? Chakula ni posho iliyomo ndani ya bei, au ni karamu ya mwenye nyumba? Na saidia fundi analipwa na nani? Baada ya hapo mwiteni bibi, mjukuu, mwalimu au bosi kama mpendavyo. Jina la undugu halitaharibu bei iliyokwisha kutajwa, wala bei haitaharibu undugu. Na mtu akimaliza kazi yake vizuri, mwongezeeni kidogo cha kufutia jasho. Hicho hakimo katika mapatano, na ndiyo sababu kina jina lake.