Maktaba ya CCXT na funguo za soko la sarafu za kidijitali

Mwanafunzi wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Rongo, Kaunti ya Migori, au kile cha Tom Mboya mjini Homa Bay, hahitaji kuabiri basi hadi Nairobi ili aunganishe programu yake na soko la sarafu za kidijitali. Maktaba ya programu iitwayo CCXT, itolewayo bila malipo, huifanya kazi hiyo kwa lugha za Python, JavaScript na PHP, miongoni mwa nyingine, na inafahamu masoko zaidi ya 100. Kila soko lina utaratibu wake wa kuulizwa bei na kupokea maagizo. CCXT huyaweka yote chini ya amri za namna moja.

Kuuliza bei ya Bitcoin kwa kawaida hakuhitaji kitambulisho. Kutazama salio au kununua ni jambo jingine. Hapo soko humpa mteja funguo mbili, mmoja wa kumtambulisha na mwingine wa siri. Ule wa siri hautumwi. Maktaba huutumia kutia sahihi kila ombi, pamoja na saa lilipotumwa. Ndiyo maana tarakilishi ambayo saa yake imepotoka huweza kukataliwa ijapokuwa funguo hazina kasoro.

Anayeomba funguo huchagua ruhusa zake: kusoma, kufanya biashara au kutoa pesa. Hiyo ya tatu isifunguliwe kamwe pasipo sababu. Funguo zikiandikwa ndani ya programu, kisha programu ikawekwa hadharani mtandaoni, atakayeziona aweza kuhamisha akiba yote, na muamala wa Bitcoin ukishathibitishwa hauna wa kuubatilisha. Baadhi ya masoko yana uwanja wa majaribio wenye pesa bandia. Huko ndiko kwa kuanzia.

Shilingi, hata hivyo, hupitia mlango mwingine. Mwishoni mwa 2015 Safaricom ilikata huduma za M-Pesa ambazo kampuni ya BitPesa ilizipata kupitia Lipisha, na Mahakama Kuu ikakataa kuamuru zirejeshwe kwa muda. Desemba mwaka huo Benki Kuu ya Kenya iliuonya umma kuhusu Bitcoin. Sheria ilichelewa hadi Oktoba 2025, Rais William Ruto alipotia saini ile inayowataka watoa huduma za mali ya kidijitali wawe na leseni, chini ya usimamizi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Soko kuwamo katika orodha ya CCXT si dalili kwamba lina leseni hiyo.