Basi langoni

Msikilizaji wa redio hapa Msambweni asiyefuatilia soka la Ulaya ana haki ya kuuliza: basi limeingiaje uwanjani? Kwetu basi hupaki stejini, utingo akiita abiria wa Lunga Lunga. Mtangazaji anaposema timu "imepaki basi", maana yake imerudisha karibu wachezaji wote langoni kwake ili isifungwe.

Usemi huo tumeuchukua kwa Waingereza, nao hawakuubuni. Ni kocha José Mourinho aliyewazoesha, Septemba 2004, Chelsea yake ilipotoka sare ya 0-0 na Tottenham. Alilalamika kuwa wageni walileta basi wakaliacha mbele ya goli, kama wasemavyo kwao Ureno. Baadaye dereva mkuu wa basi hilo akawa yeye mwenyewe!

Harambee Stars wa Kenya nao walilipaki uwanjani Kasarani tarehe 10 Agosti 2025, katika michuano ya CHAN. Mchezaji wao Erambo alikuwa amepewa kadi nyekundu, wamebaki 10, na bao la Ryan Ogam dhidi ya Moroko lilipaswa kulindwa kipindi kizima cha pili. Likalindwa.

Tatizo langu ni sarufi. Mtangazaji akisema "basi lilipakiwa", je, limejazwa mizigo au mabeki? Kupaki na kupakia hukutana hapo. "Kuegesha" ni sanifu, ila kunanuka tangazo la trafiki. Mimi nasema wamejaza lango, na wenzangu kibandani huelewa bila kugeuka.