Habari za Nyumba Iliyogeuzwa Shule

Huku Kisaki, chini ya milima ya Uluguru, tangu kale watu wamejenga kwa miti, fito na udongo. Nyumba ikichakaa huachwa, ikajengwa nyingine kando yake. Kwa hiyo wengi wetu hudhani ya kuwa shule ni mwalimu na watoto tu, na nyumba si neno. Walakini habari za shule ya kwanza ya UMCA huko Unguja zatufundisha vingine.

Askofu William Tozer na Edward Steere walifika Unguja mwaka 1864, wakapanga nyumba katika mtaa wa Shangani. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Basi shule haikujengewa nyumba. Iliingia katika nyumba iliyokuwapo. Mmoja wa wavulana wale, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879.

Natutazame jinsi nyumba za mawe za Unguja zilivyo. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari hushikwa na boriti za mikoko. Boriti haivuki nafasi kubwa, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 tu. Chumba cha namna hii chafaa kuwa darasa: benchi hufuatana, na mwalimu husimama mwishoni. Ua wa katikati huleta hewa na nuru. Hata London, baadhi ya nyumba zilizoshikana safu, zilizojengwa zamani za wafalme walioitwa George (1714–1830), ziligeuzwa shule.

Tena tusisahau ya kuwa mali iliyojenga mji ule ilitoka katika pembe, karafuu na watumwa. Mtoto aliyeuzwa alisoma herufi zake za kwanza katika mji uliotajirika kwa kuuza wenziwe.

Mwaka 1871 misheni ilinunua shamba Mbweni, ikafanya huko shule ya wasichana waliotoka utumwani. Caroline Thackeray alifika kuwafundisha mwaka 1877. Leo shule ile ni magofu. Mji Mkongwe nao umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, walakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka.

Adui wa nyumba hizi ni maji. Paa likivuja, boriti huoza. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukipakwa saruji, unyevu hufungwa ndani na mawe huharibika.

Basi, ndugu walimu, mkipewa nyumba ya kale iwe shule, zibeni paa kwanza, pakeni chokaa wala si saruji, msibomoe ukuta kabla ya kujua wachukua nini. Kisha waulizeni wazee, mkaandike katika kitabu cha shule ni nani waliomiliki nyumba ile, na ni nani waliobeba mawe yake.