Tarehe ya Kamioni za Kalemie, na Ukoo wa Benzi Yenye Pua

Watu wa reli hawachoki kusema kwamba Kalemie ni mtoto wa reli. Kapteni Jacques alijenga ngome akaiita Albertville mwaka wa 1891, gari moshi la kampuni ya CFL likafika kutoka Kabalo mwaka wa 1915, kilomita 273, na kwao habari imekwisha. Lakini reli haikwenda Moba, haikwenda Bendera, wala haikwenda Fizi. Vijiji vya ukingoni vilikuwa na Ziwa Tanganyika na mitumbwi yake. Wa milimani walikuwa na kamioni, na tarehe ya kamioni hakuna aliyejishughulisha kuiandika.

Mababu wa kamioni zetu ni wawili. Walikuwa mashine za mvuke za kuvuta mizigo, zilizoundwa na Burrell kule Thetford, Uingereza. Mwaka uleule wa 1915 zilivuta mashua mbili za vita za Kamanda Mwingereza Spicer-Simson, Mimi na Toutou, kwenda kuwapiga Wajerumani waliokuwa wakitawala ziwa. Mwezi wa Agosti ziliondoka Fungurume, zikaikwea milima ya Mitumba, na mwisho wa Septemba zikafika Sankisia. Barabara haikuwako: ilifyekwa mbele yao, na madaraja zaidi ya mia yakajengwa kwa miti iliyokatwa papo hapo. Mlima ukizidi, waliitwa ng'ombe na watu wa kamba. Na maji yalipokosekana njiani, wanawake wa vijiji waliyaleta kwa mitungi kichwani ili mashine zinywe. Waandishi wa vita humsifu kamanda. Mimi nasema bila mitungi ile moto ungezimwa porini, na mashua zingeota majani huko huko.

Hapa pana ugomvi wa siku nyingi. Wako mjini wanaoapa kwamba mashine zile ziliingia Kalemie zikinguruma. Hazikuingia. Kutoka Sankisia mashua zilipakiwa kwenye reli hadi Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, kisha gari moshi likazileta Lukuga, hapa kwetu. Desemba zikatiwa majini, na tarehe 26 zikaiteka meli Kingani ya Wajerumani, ikapewa jina la Fifi. Hata hivyo, ndugu zetu wa Fungurume wasijidai kwamba mababu hao ni wao peke yao. Wao walikuwa na njia, mzigo ulikuwa wetu.

Baada ya hizo zilikuja Ford na Chevrolet za wakati wa Wabelgiji. Zilifanya kazi.

Ndipo ukaja ukoo mkubwa. Mwaka wa 1959 Mercedes-Benz ilianza kutoa kamioni ya pua fupi, iliyoviringana mbele, nyota ikiwa kifuani. Katika ukoo huo ametukuka 1113. Injini yake ni OM 352, silinda sita, lita 5.7, isiyo na makuu. Wazee wa usukani wanasema ilipofika mahali pasipo mazuti ilitiwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto na kuchujwa kwa kitenge, ikaendelea na safari. Nimeyasikia kwa zaidi ya mmoja, nami nayapokea.

Kijana akiona pua husema "Benzi" akaishia hapo. Mzee husoma namba kwanza. 911 ni tani 9 na nguvu za farasi 110. 1113 ni tani 11 na farasi 130. 1924 ni tani 19 na farasi 240. Tani hizo ni za gari pamoja na mzigo wake, jambo ambalo katika njia ya Moba halikuwahi kumzuia mtu kuongeza magunia, mbuzi, na abiria juu ya magunia. Kisha husoma herufi: A ni ya kuvuta kwa magurudumu yote, K ni ya kumwaga mchanga, S ni kichwa cha trela. Na kwa kuwa boneti huhama kutoka gari hadi gari, hukumu ya mwisho hutolewa na namba iliyopigwa kwenye chesisi. Aliyebandika nyota kwenye gari la ukoo mwingine asituletee maneno.

Wapenzi wa Fiat, wanaoiita mfalme, watanikasirikia, basi niwape haki yao. 682 ilianza kutoka Torino mwaka wa 1952, haina pua, ina masharubu ya bati linalong'aa usoni. N ni ya kubeba, T ni ya kuvuta trela. Usukani wake uko kulia ingawa sisi tunaendesha kulia. Waitaliano walitaka dereva aone ukingo wa korongo, na kwenye milima ya Fizi hilo ni jambo jema, nakubali. Lakini boi-shofa, msaidizi wa dereva, ndiye aliyeinama kwenye dirisha la kushoto kumwambia kama njia ni nyeupe, na kila kupita gari lingine kulitegemea macho yake. Mfalme asiyejionea njia mwenyewe ni mfalme gani?

Magirus-Deutz ilipozwa kwa hewa, haina rejeta, haikuhitaji mitungi ya mtu. Nayo ilipita.

Vita vya 1996 na vya 1998 viliharibu barabara na madaraja, na mizigo mingi ikahamia kwenye baiskeli. Njia zilipofunguka tena zikaja Fuso, na baada yake Howo.